Siku ya Usaili wa Ballet, Chungu cha Tisa

Jumapili, chungu cha tisa, siku ya tisa ya Ramadhani. Jua la kudanganya tangu asubuhi: linang'aa dirishani, ukitoka nje masikio yanauma kwa baridi. Nimechoka, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Leo Nasra, binti yangu wa miaka kumi, alikuwa na usaili wa mwisho wa shule ya ballet. Si lile darasa la Jumamosi hapa mtaani kwetu Great Barr, huku ughaibuni, hilo anakwenda tangu ana miaka mitano. Hii ni shule hasa, ya bweni. Mtoto anaingia akitimiza kumi na moja, asubuhi anasoma hesabu na sayansi kama wenzake, mchana anacheza dansi, nyumbani anarudi likizo. Shule yenyewe iko mbali, saa mbili na nusu kwa gari, ila watoto wa upande wetu wamesailiwa hapa hapa mjini. Wakimkubali, Septemba anaondoka.

Acha niseme mwaka huu ulivyonitoa roho, maana nyumbani hakuna anayenisikiliza. Wifi yangu anayekaa Handsworth anaiita "shule ya ngoma", na kila nikimweleza ananiuliza kwa nini mtoto mwenye akili zote zile hasomeshwi udaktari. Nimeacha kumjibu.

Fomu peke yake ilikuwa kazi ya wiki mbili. Walitaka urefu wa mtoto, sawa. Wakataka na urefu wangu mimi na wa baba yake, ili wakadirie atafika wapi. Nikasimama mlangoni, Hamad, mume wangu, akanipigia alama ya penseli juu ya kichwa, akacheka. Mimi ni mfupi, sijawahi kujali. Kwa mara ya kwanza maishani nikaogopa kuwa ufupi wangu utamponza mwanangu, na nakiri niliongeza sentimita mbili.

Kisha picha. Mbele, ubavu, mgongo, mguu juu, mguu chini, na lile vazi la kubana lisilo na sketi wala kishada. Hamad ndiye aliyepiga, na picha kumi za mwanzo zina kidole chake. Baadaye daktari wa viungo akamkagua uti wa mgongo, nyonga, magoti, hata upinde wa unyayo. Mimi nilipoposwa sikukaguliwa hivyo.

Na nywele! Wanataka zivutwe nyuma zifungwe fundo, lisitoke hata unywele mmoja. Hizo nywele za kwetu, zenye akili zake, nimezibembeleza leo dakika hamsini kwa maji, mafuta na vibanio ishirini na sita. Nasra hakulia. Hajawahi kulia kwa ajili ya ballet, na hilo lingenishtua zamani kama ningekuwa na muda wa kulifikiria.

Nirudi kwenye leo.

Mimi sikuwa nimefunga. Wanawake wenzangu mnajua siku zetu, hakuna haja ya maelezo. Kwa hiyo sikuamka daku. Nasra aliamka na baba yake, na hilo halikunishangaza, kwa sababu tangu Ramadhani iingie anaamka kila siku. Anapenda kukaa na baba yake jikoni watu wengine tumelala, halafu anafunga mpaka adhuhuri kama watoto wafanyavyo, anakula, basi. Lakini jana nilimwambia wazi: kesho hakuna kufunga, hata nusu siku. Hajabaleghe, funga si faradhi kwake, na kuruka na tumbo tupu mbele ya wasaili ni kujitafutia balaa. Akasema "Okay, Mama." Nikaridhika, mjinga mimi.

Asubuhi nikamkaangia mayai. Akasema ana tumbo joto, atakula huko huko. Nikamfungia kikasha: tambi, ndizi, na chupa kubwa ya maji.

Wazazi haturuhusiwi kuangalia. Tumewekwa chumba cha pembeni, tunasikia piano ukutani na hatujui nani anafanya nini. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mwenye faili lenye vitenganishi vya rangi. Huyu ni mtoto wake wa tatu kumleta, na aliniuliza Nasra amehudhuria kozi ngapi za kiangazi. Nikasema kadhaa. Amehudhuria moja. Nilipotoa chapati yangu kwenye mkoba nikageukia ukuta kula, naye akaniuliza kwa adabu zote kama huu si mwezi wa Ramadhani. Nikamwambia naumwa. Leo nimesema uongo mwingi kuliko mwezi mzima uliopita, na mimi ndiye ninayemwambia mtoto uongo unatoboa funga.

Mchana akaja mwalimu mmoja kutuzungumzia maisha ya bweni: usingizi, majeraha, na zaidi ya yote chakula. Mtoto anayecheza lazima ale, alisema. Nikaitikia kwa kichwa kuliko wazazi wote mle ndani.

Saa tisa wakawatoa. Mwanamke aliyekuwa akiwapokea watoto akaniita kando. Akanieleza polepole kwamba Nasra alipata kizunguzungu baada ya zoezi la kuruka, akakaa chini dakika mbili, akainuka, akaomba arudie. Akarudia vizuri. Alitaka kujua tu, je, mtoto alikuwa amekula? Nikasema ndiyo, amekula vizuri sana, nimempikia mwenyewe.

Kituoni, tukisubiri basi, nikafungua kikasha nimpe ndizi.

Tambi zote. Ndizi nzima. Chupa ya maji imejaa mpaka shingoni.

"Mbona hujala?"

Akatazama viatu vyake. Kisha akasema, sauti ndogo, "I'm fasting."

Yaliyonitoka kinywani ndani ya basi siyaandiki yote. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya watu, lakini nilisema. Mwaka mzima, Nasra. Picha, nyonga, vibanio. Umekaa chini mbele yao, watakukumbuka kwa hilo, watasema mtoto huyu ni dhaifu, hafai. Nikampigia simu Hamad. Akaniambia daku alimuona anakula sahani mbili za wali, akadhani ni woga wa usaili. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeficha tabasamu, akaniuliza: "Sasa mtoto kafunga, utamgombeza?" Nikakata simu.

Tulipopita Handsworth nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea aniambie habari za ile chati ya madrasa, ambako kila siku ya funga wanabandikiwa nyota. Hakusema hivyo. Alisema Ustadha amewafundisha dua ya aliyefunga hairudishwi, hasa anapofuturu, na yeye alikuwa na jambo la kuomba.

"Ungefunga jana basi."

"They're deciding today, Mama."

Wanaamua leo, kwa hiyo dua nayo ni ya leo. Mambo hayo mimi ndiye niliyemtia kichwani kabla ya Ustadha yeyote, tangu anakaa mapajani mwangu tukisubiri adhana ya kwenye simu. Nilikuwa nimekasirika bado, nataka ieleweke. Lakini nilimvua kibanio kimoja kilichokuwa kinamchoma sikioni, na yeye akanilazia kichwa mpaka nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni tukakaa: tende, uji wa pilipili manga, sambusa, mihogo ya nazi. Hamad akajishughulisha na kumimina uji, kama mtu mwenye akili. Adhana ilipolia Nasra akatia tende mdomoni, akainua mikono, akafumba macho. Midomo ikawa inakwenda, inakwenda. Uji ukaanza kuganda juu naye bado anaomba. Uso wake ulikuwa vile vile anavyokuwa ameshika ule ufito wa ukutani wa mazoezi, anahesabu.

Nami nikainua mikono. Sikufunga, lakini dua haina kizuizi. Nilikusudia kumsaidia. Wallahi nilikusudia kusema, Ya Rabbi, wamchukue, umfungulie. Nilikuwa nimeshayapanga maneno.

Ulimi ukasema: Ya Rabbi, wasimchukue. Niachie mwanangu.

Nimekaa na hilo tangu futari na bado sijalimaliza. Mwaka mzima nimepima, nimepiga pasi, nimedanganya sentimita, nimegombana na wifi yangu, na ndani yangu kumbe kuna mtu anaomba mlango ufungwe. Leo kwenye basi nilimfokea mtoto kwamba amejiharibia, na sasa sina hakika kama sehemu yangu moja haikushusha pumzi niliposikia alikaa chini. Naona aibu kuliandika. Lakini ndivyo lilivyo.

Dua mbili zimetoka meza moja, dakika moja. Moja ya mtoto aliyeshinda na njaa bila kulazimishwa na mtu. Nyingine ya mama yake, aliyekula chapati amegeukia ukuta.

Nasra alipomaliza akanywa glasi mbili za maji bila kupumzika, akajifuta mdomo, akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye nikimsemesha ananijibu Kiingereza siku zote: "Na wewe umeniombea, Mama?"

Nikasema ndiyo.

Akasema ahsante, akanisogezea sambusa.

Majibu yatakuja baada ya wiki mbili. Kesho naamka daku nao, nimefunga sijafunga, nikaombe upya. Nitaweza kuyasema yale maneno niliyokuwa nimeyapanga?