Prosesa Iliyoongezewa Saa

Makole, Dodoma
2 Mei 2024

Baba, shikamoo. Habari za Kondoa, na mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la Makole limenipa mafua.

Ile sauti ya marehemu mama naishughulikia, isikike kwenye hitma yake. Kwenye video ya harusi ya Khalidi anaongea kidogo tu, na tarumbeta zimemfunika. Programu ya kumtoa humo ni nzito, kompyuta inakwama. Basi nimefanya kitu tunachokiita ovakloki, yaani prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nimeiongezea saa. Wewe ndiye fundi umeme wetu, nipigie hesabu: prosesa wati mia na ishirini na tano, kadi ya picha mia mbili na ishirini, diski na feni hamsini. Pawa saplai, kile kisanduku kinachovilisha vyote umeme, ni ya wati mia nne na hamsini. Inatosha?

Mwanao,
Ikram

Kondoa
7 Mei 2024

Marahaba mwanangu. Mgongo upo, unanikumbusha kila nguzo niliyowahi kupanda. Mafua kunywa tangawizi.

Jumla ni mia tatu tisini na tano, inatosha na chenji inabaki. Hizo saa ulizoongeza zisikutishe. Taa ya wati sitini hata ikikesha ni ya wati sitini, kinachoongezeka ni yuniti tu. Wa kupumzika ni wewe.

Watu nimeshawaambia kwamba watamsikia. Uso wa mama yako ninao, lakini sauti naitafuta siipati, na jambo hilo linanitesa.

Baba yako

Makole
19 Mei 2024

Baba, shikamoo. Afya yako nitakuulizia mwishoni, nisamehe.

Pawa saplai imelipuka. Mama alikuwa ameanza kutoka, nikamsikia akisema "Baba Ikram", safi kabisa, mara kishindo, moshi, nyumba nzima giza. Diski imekufa. Kadi ya kamera nilishaifuta, na Khalidi hana nakala.

Gerson, fundi kompyuta wa Kizota, anasema prosesa ikiongezewa saa hula karibu mara mbili. Yangu ilikuwa inavuta mia mbili na thelathini, jumla mia tano. Nilihitaji pawa saplai ya mia sita na hamsini. Baba, nilikuandikia wazi kwamba nimeiongezea saa. Ulionaje inatosha?

Mgongo vipi?

Mwanao,
Ikram

Kondoa
26 Mei 2024

Marahaba Ikram. Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta pa kukaa.

Mwanangu, mimi nilidhani saa za kazi. Nilidhani unaikesha mashine, kama kibarua anayeongezewa zamu. Kwamba ndani yake kuna saa inayoipa mwendo, na ndiyo uliyoikaza, sikuwahi kusikia. Sina hasira nawe, nawe usiwe nayo kwangu.

Hitma imesomwa Ijumaa. Baada ya dua nikasimama kuwaambia watu kwamba hakuna cha kusikiliza. Mama yako mdogo Sikudhani, mdogo wake marehemu, alikuwa amefika asubuhi kutoka Babati, naye alikuwa jikoni. Sijamaliza kusema, akaniita aulize sahani zilipo.

"Baba Ikram."

Nikaitika, "Naam, mama Ikram." Mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Sikudhani akaja mlangoni na mwiko mkononi, tukatazamana. Watu wakanikalisha chini. Ni sauti ile ile, Ikram.

Nimemwomba aniite tena, amekataa. Anasema ameogopa. Njoo Jumamosi kabla hajarudi Babati, labda wewe atakuita.

Mgongo haujambo.

Baba yako