Mstari wa Nyani

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Sina tena wa kuniitikia marahaba kwa sauti ile ya kukwaruza, lakini nakuamkia hivyohivyo.

Unakumbuka nilipokuja huku mlimani likizo, kiherehere kimenijaa, nikakwambia kuwa viumbe wenye akili ndio wanaodumu? Tulikuwa tunalinda mahindi, nyani wametukodolea macho kutoka msituni. Ukaokota jongoo, akajikunja kiganjani mwako. "Huyu naye amesoma wapi?" ukaniuliza. "Mbona kila masika yupo?" Nikanuna hadi jioni.

Nawe na akili zako! Ukawaachia nyani mstari mzima wa mahindi kule pembeni, eti washibe wasiingie ndani. Wakala mstari wao, kesho yake wakaja na ukoo mzima. Mama alikufokea, wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. "Wamenizidi," ukasema. "Lakini hawa wakimaliza hapa wanahamia shamba jingine. Sisi tukiumaliza mlima huu, tutahamia wapi?"

Swali hilo limenirudia, mjomba. Chemchemi yetu imepungua. Ndoo moja unaisubiri mpaka miguu inakufa ganzi. Na mdogo wangu Hamisi alitaka kukata miti inayoizunguka, ile uliyotukataza hata kuvunja kijiti, apande maharage. Sikumlaumu. Ana watoto, na kipande chake kimechoka. Lakini ardhi ya ukoo wetu hupita kwa wanawake, na mama naye hayupo, kwa hiyo siku ya kikao wote walinitazama mimi. Weee, nilivyotamani ungekuwepo!

Nikasema miti haikatwi. Halafu nikampa Hamisi shamba langu la chini, lile la nyani, nililokuwa nalitegemea nikistaafu ualimu mjini. Iliniuma, sikufichi.

Jana nilipita pale, nikamkuta Hamisi. Mahindi yake yamefika kiunoni, ila mstari wa pembeni hajaupalilia.

"Wa nani huu?" nikamuuliza.

"Wa wageni," akasema. "Kama alivyofanya mjomba."

"Lakini haukusaidia kitu!"

"Najua, dada."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikalia. Kama akili itatuokoa, bado sijui, mjomba. Maji leo yametoka, nimekunywa.

Pumzika. Nyani tuachie sisi.

Mpwa wako mbishi