Jirani Ameacha Kuchoma, Mimi Sina cha Kuacha

Matiri, Jumanne. Siku ya nne bila mvua, na Machi haijaisha. Jua zuri la kukausha majani. Moyo wangu mchafu.

Nina wivu.

Nimestaafu ualimu, nina wajukuu, nami nilidhani wivu ni ugonjwa wa vijana. Sivyo.

Nieleze, maana msomaji wa mbali hawezi kujua. Huku milimani tunalima ngolo. Mvua zikielekea ukingoni, mwanamume anafyeka majani, anayaacha yakauke, kisha anayapanga chini kwa miraba, kama fremu za dirisha. Mwanamke anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia. Katikati linabaki shimo la kushika maji, na kulizunguka kuna tuta ambalo majani yanaozea ndani yake. Juu ya tuta tunapanda maharage. Udongo hauteremki, wala majani hayachomwi.

Osmund, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, aliacha ngolo zamani kwa sababu ni kazi nzito. Akawa anachoma majani kila mwaka na kupiga matuta yanayofuata mteremko. Mvua ikinyesha, udongo wake ulikuwa unapita kijitoni tukiuona.

Wiki iliyopita watu wa mradi wa hali ya hewa waliitisha mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Afisa wao, binti mwenye adabu, alieleza vizuri. Nchi zimewekeana malengo ya kupunguza hewa ukaa, kilimo nacho kimo, kwa hiyo mkulima atakayeacha kuchoma atasajiliwa na kupewa miche ya kahawa na miti ya kivuli. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu. Kabla ya mradi ulikuwa unachoma majani?"

"Marahaba. Sijawahi kuchoma."

Akaitazama karatasi yake kwa huruma. "Basi kwako hakuna kitakachopungua, Mwalimu. Hatuwezi kukusajili. Labda tuone usajili wa msimu ujao."

Osmund akapaza sauti kutoka nyuma: "Ukaidi wako umekuponza, Mwalimu! Ungechoma hata mwaka mmoja tu!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Yeye aliahidi kuacha kuchoma, akasajiliwa siku ileile. Sasa ana fulana ya mradi, na shambani kwake wamesimika kibao: Shamba la Mfano. Nikikaa barazani na chai yangu, kibao kinanitazama. Maandishi siyaoni kwa umbali ule, lakini nayajua.

Mahesabu yao hayaulizi unafanya nini. Yanauliza umeacha nini. Naielewa hoja yao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Darasani nilimpigia makofi mtoto aliyetoka mkiani akafika katikati. Yule aliyekuwa juu miaka yote nilimwambia, "Endelea hivyohivyo," basi. Sikuwahi kumuuliza anajisikiaje.

Leo nimefanya jambo la aibu.

Asubuhi nilitangulia shambani nikiwa na kiberiti mfukoni. Nikawasha kona ya juu ya majani niliyoyafyeka kwa mikono yangu. Nilitaka moshi kidogo tu, watu wauone, ili msimu ujao niwe na jibu.

Mama Kolumba, mke wangu, akafika na jembe begani.

"Baba Kolumba, unafanya nini?"

"Natafuta cha kuacha."

"Acha ujinga kwanza!"

Akavunja tawi akaanza kuupiga moto. Nami nikavunja langu. Lakini upepo ukapanda kutoka bondeni, na moto ukatushinda, ukaelekea kwenye mibuni yetu ya juu ya shamba.

Mtu aliyevuka kijito mbio na kupanda mlima akihema ni Osmund. Alikwisha kuichovya fulana yake mpya majini, akaupiga moto nayo mpaka fulana ikawa tambara jeusi. Tuliuzima hatua chache kabla ya kahawa.

Upande mzima wa juu umebaki majivu. Hapo hakuna cha kufukia, na maharage lazima yaingie ardhini kabla mvua hazijakatika kabisa.

"Moto umetoka wapi, Mwalimu?"

Mke wangu alinitazama.

"Sijui," nikasema. "Labda wapita njia."

"Wavuta sigara hao! Usijali, kaka. Kwangu nina majani ya kumwaga. Kesho nakuletea."

Nilimdanganya amesimama mbele yangu kifua wazi, mikono imebabuka.

Ningependa kuandika kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Kibao kile bado kinaniudhi, na sasa namwonea wivu Osmund hata kwa wema wake. Bado naamini mahesabu ya mradi yana kasoro, na nitamwandikia yule binti barua ya kueleza: anayelinda udongo miaka yote naye ahesabiwe. Lakini barua hiyo siwezi kuianza nikiwa na uongo huu.

Mke wangu tangu asubuhi hajaniambia neno zaidi ya "chakula tayari."

Kesho Osmund atapanda mlima huu na mzigo wa majani kichwani. Nitamwambia kabla hajautua, ili akitaka kurudi nao, arudi.