Mwaka Nilioubeba Kwenye Valizi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku Kasenga, Uvira. Kabla ya yote niambie: goti linaendeleaje? Baba bado anakunywa chai yenye sukari kama ya harusi? Na nkambo, mama yako, analala vizuri? Sisi wawili tu wazima, Mungu ni mwema. Ulisema unataka barua ya karatasi, si sauti za simu zinazokatikakatika, ili uwasomee kina mama wa ibada. Haya, nimeandika. Lakini mahali nitakapomtaja Kashindi wangu, soma kimya kwanza.

Mama, nina furaha hadi naimba nikiosha sahani! Asubuhi nikifungua mlango, ziwa liko pale chini, milima ya Burundi iko ng'ambo, na mume wangu yuko nyuma yangu anauliza, "Mupenzi, chai iko?" Mimi badala ya kujibu namtazama tu, hadi maji yanachemka na kukauka. (Hapo kimya.)

Sasa habari yenyewe. Shule moja ya hapa karibu ilikuwa inatafuta mwalimu wa sayansi wa darasa la saba. Nikachukua diploma yangu ya serikali, nikaenda. Mkuu wa shule, ambaye wote wanamwita Mama Prefe, akaniambia kazi itakuwa yangu nikimletea previzioni, yaani mpango wa masomo ya mwaka mzima, wiki kwa wiki, naye akiukubali. Mama, mimi niliyekuwa nawafundisha kuku wako tangu utotoni! Mwaka mzima wa sayansi mikononi mwangu!

Niliandika kwa kalamu za rangi. Kuota kwa mbegu nikakuweka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mvua zikishaanza. Mwezi wa kumi na mbili nikaweka maisha ya wadudu: kila mwanafunzi alete vinkubala, wale viwavi wetu watamu, tuwachunguze kabla hawajaingia kwenye sufuria. Nikapeleka, kichwa juu.

Mama Prefe alivaa miwani, akasoma, kidole chake kikasimama.

"Vinkubala ni nini?"

"Ni viwavi, Mama. Mwezi wa kumi na mbili wanajaa kwenye miti."

"Miti ya wapi? Minye nilizaliwa hapa, nimezeeka hapa. Utaviagiza na ndege?"

Katibu wake akacheka hadi akaziba mdomo kwa faili. Mama Prefe hakucheka.

"Na mbegu mwezi wa kumi na moja? Wakati huo mahindi ya hapa iko inafika kwenye magoti. Madame, huu ni mwaka wa Lubumbashi. Umeubeba kwenye valizi pamoja na nguo zako. Niletee mwaka wa hapa, siku ya tano. Iko mwalimu mwingine anayetaka hili darasa."

Nilirudi nyumbani machozi yakinichungulia. Kashindi alicheka hadi akaweka chini tonge la bugali. "Weye, bibi yangu! Ungetuma watoto waokote viwavi, wazazi wangekuja kuuliza kama Lubumbashi iko njaa!" Kisha akaniona uso. Akanawa mikono, akafunga kibanda chake cha kutengeneza redio, akawasha pikipiki. "Panda. Twende kwetu ukauone huo mwaka."

Kwao ni Kiringye, kwenye uwanda wa Ruzizi. Njia nzima nilimshika kiuno kwa nguvu kuliko pikipiki ilivyohitaji. (Kimya, Mama, kimya kabisa.)

Tuliwakuta mama mkwe na wifi yangu Mapendo wakilima, wakiandaa shamba. Nikauliza tu wanapanda lini mahindi. Lo!

"Mwezi wa tisa," akasema wifi, "mvua ya kwanza ikianguka."

"Wa kumi!" akasema mama mkwe. "Mvua ya mwezi wa tisa inadanganyaka."

"Mama, yako ya mwaka jana ilichelewa, ikakauka!"

"Hiyo iliyokauka ndiyo iliyokunenepesha weye!"

Walibishana hadi majembe yakalala chini. Na mimi, Mama, moyo ukaruka, kwa sababu hilo ndilo somo! Wanafunzi wangu watapanda mahindi kwenye makopo, nusu mwezi wa tisa, nusu mwezi wa kumi, watapima, na watatuambia nani alisema kweli. Nilipowaeleza, kila mmoja akadai amekwisha kushinda. Kisha mama mkwe akaniinamia, lakini kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Na lile somo la ndani ya tumbo, mwalimu, umeliweka mwezi gani?" Nilitamani ardhi inifunike. Kashindi akajifanya anakagua tairi.

Tukarudi kwa kupitia Kilibula, ambako maji ya ziwa yalipanda na kuacha vidimbwi. Mle mabuu ya mbu yanacheza, nami nikapata wadudu wangu. Ufukweni wavuvi walikuwa wanafunga taa kwenye mitumbwi. Kashindi akanieleza kwamba mwezi ukiwaka sana hawaendi, maana ndagala, wale samaki wadogo, hawazifuati taa. Somo la mwanga nikaliweka wiki za giza.

Siku ya tano nikasimama tena mbele ya Mama Prefe. Alisoma polepole.

"Maji safi na kipindupindu umeweka wiki ya kwanza. Programu inasema mwisho wa mwaka."

Ningeweza kusema nitabadilisha. Lakini hapa kila mtu ameniambia ugonjwa ule unavyokuja na mvua.

"Mama, mvua itafika mbele ya hilo somo. Ni afadhali tuwahi sisi."

Akageuza kurasa hadi ya mwisho. "Mwezi wa saba umeandika 'Mama'. Hilo nalo ni somo gani?"

Nilikuwa nimesahau kulifuta! "Ni likizo, Mama. Nilipomaliza kuupanga mwaka, niliona hakuna wiki nyingine ninayoweza kwenda kumwona mama yangu."

Alichukua muhuri, akaupiga kwenye kila ukurasa, hata huo.

Mpe Baba salamu zangu na umwambie nusu kijiko inatosha. Mbusu nkambo kwenye mashavu yote mawili. Msalimie kaka mkubwa na mkewe, na dada mdogo, ambaye aache kuvaa viatu vyangu. Kina mama wa ibada nawashukuru kwa maombi.

Tutakuja wawili mwezi wa saba, Mama. Imepigwa muhuri.

Binti yako anayependwa huku kama alivyopendwa huko,

Solange