Mafuta ya Nazi Kwenye Filimbi ya Kadzo

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Hapa Timbwani kumekuwa na manyunyu tangu adhuhuri, na wateja wawili wameahirisha kusukwa. Sina neno nao. Leo nina jambo la kuandika, na nikilichelewesha nitaanza kulipamba.

Nimeiharibu filimbi ya mwanangu. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na kwa mapenzi tele.

Kadzo ana miaka tisa. Alipoanza kunisumbua kuhusu filimbi, nilidhani anataka ya mwanzi, chivoti, kama aliyokuwa akiipiga marehemu baba yangu kule Kaloleni. Kumbe mwalimu wake wa muziki alikuwa amewaonyesha ile ya madini, inayong'aa, yenye vifuniko vingi na inayoshikwa kwa ubavu. Nikatafuta mwezi mzima. Dukani mjini nilionyeshwa moja mpya iliyonipendeza mno, lakini Kadzo alipoishika, mkono wake wa kulia haukufika vifuniko vya mwisho mpaka ajipinde shingo. Nikamshukuru muuzaji, tukatoka. Tuliyoichukua ni ya mtumba, kwa mama mmoja wa Nyali ambaye bintiye ameshamaliza shule. Ina mikwaruzo, lakini kichwa chake kimepindwa kama ndoana, kwa hiyo ni fupi na mikono ya mtoto inaifikia. Kadzo aliipuliza palepale sebuleni kwa watu, na sauti ikatoka. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwamba nimechagua kwa akili.

Akili hiyo haikumaliza hata wiki.

Mimi ni msusi, na chupa ya mafuta ya nazi haikai mbali na mkono wangu. Napaka nywele, napaka ngozi, napaka na bawaba ya mlango ikianza kulia. Na baba alikuwa akiipaka chivoti yake mafuta hayo ndani na nje, ili mwanzi usipasuke. Nimekua nikiona hivyo, sikuwahi kujiuliza mara mbili. Basi Jumapili, Kadzo alipotoka kwenda kucheza, nikaitoa filimbi kwenye kisanduku chake, nikaisugua, nikadondosha mafuta kwenye kila kifuniko, kisha nikapitisha kitambaa chenye mafuta ndani. Iling'aa kweli. Nikairudisha mahali pake bila kumwambia. Nilitaka aifungue mwenyewe afurahi.

Jumatatu sauti ikakataa kutoka. Vifuniko vilishuka visipande, na mtoto akawa anatoa upepo mtupu. Akajaribu Jumanne. Akajaribu Jumatano. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamsimamia kichwani. "Puliza, wewe! Mbona Nyali ilitoka? Pumzi zako zote zinaishia kwenye kupiga domo?" Nikamwambia anazembea. Nikamwambia wenzake wanatamani filimbi kama hiyo na hawana.

Alhamisi hakukifungua kisanduku.

"Mama," akaniambia, "mimi sina pumzi. Mwambie mwalimu nitabeba bendera."

Alilisema hilo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuamua. Jumatano ijayo mwalimu anachagua watakaoingia bendi ya shule, na mwanangu ameshajitoa kabla hajaitwa jina. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Nikaapa kwamba filimbi hii lazima ilie, na atakayeipiga ni yeye.

Leo asubuhi nilimwacha kwa shangazi yake, nikavuka feri, nikaenda mpaka Mikindani kwa fundi wa vyombo vya kupuliza niliyeelekezwa kwake na mwalimu. Ni bwana mpole, wa ndevu nyeupe fupi. Aliifungua filimbi, akabonyeza kifuniko kimoja, akainusa.

"Mama, hii imepakwa nini?"

"Mafuta ya nazi tu."

"Mafuta tu," akarudia, akainusa tena. "Wallahi, nimetengeneza filimbi miaka mingi, lakini inayonukia wali wa nazi ndiyo kwanza naiona leo."

Nilicheka naye, maana sikujua bado. Kisha akanionyesha. Chini ya kila kifuniko kuna kitakia kidogo laini, kama mto wa kulalia, kinachoziba tundu, na vyote vilikuwa vimelowa mafuta, vimevimba na kunata. Upepo unavujia hapo. Akaiweka mdomoni, akapuliza yeye, fundi mzima. Ukatoka upepo mtupu, uleule wa Kadzo.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na hiyo filimbi.

Atabadilisha vitakia hivyo vyote, na Jumanne nitaichukua. Akanifundisha na kuitunza: mtoto asukutue mdomo kabla ya kupiga, hasa akiwa ametoka kula mabuyu, na akimaliza apitishe kitambaa kikavu ndani na kuirudisha kisandukuni, isiachwe kitandani wala dirishani juani. Mafuta asiguse mtu ila fundi. Alinitazama vizuri alipofika hapo. Kichwa cha filimbi akanirudishia, akasema kimesalimika, mtoto akipulize hicho peke yake kwa sasa kwa sababu sauti huanzia hapo.

Kwenye feri nikatunga uongo. Nitasema imeharibika yenyewe, vitu vya mtumba ndivyo vilivyo, yule mama wa Nyali ametuuzia kitu kibovu. Nilikuwa nimeshaupanga vizuri mpaka na sura nitakayoweka. Lakini huo uongo ungemwacha mtoto wangu palepale, na maneno yangu yangebaki kichwani mwake. Tuliposhuka Likoni nilikuwa nimeutupa.

Nikamchukua kwa shangazi yake, nikamketisha nyumbani, nikamweleza yote. Mafuta, kitambaa, fundi aliyepuliza akashindwa.

"Kwa hiyo hata fundi hakuweza?" akaniuliza.

"Hakuweza."

"Na wewe ukanigombeza."

"Nilikugombeza, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe, mwanangu."

Alikichukua kile kichwa cha filimbi, akaenda kusukutua mdomo, akaketi barazani akinipa mgongo. Akapuliza. Sauti ikatoka moja, nyembamba na safi, ikakaa mpaka pumzi ilipokwisha. Akavuta nyingine, akairudia.

Sijui kama amenisamehe. Sitamharakisha, wala kuanzia leo sitamsimamia kichwani anapopiga. Jumanne nitaifuata filimbi, na Jumatano nitafunga kazi nikakae mahali atakaponiona, achaguliwe asichaguliwe.

Ninapoandika haya bado anapuliza, sauti ileile moja, nusu saa sasa. Jirani amechungulia kuuliza kelele hizi zitakwisha lini. Nimemwambia ndiyo kwanza zinaanza.