Gauni la Ubatizo Juu ya Baiskeli

Brønnøysund,
19 Juni 2019.

Mpendwa mdogo wangu Oddvar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mnaendeleaje huko New Zealand na baridi yenu ya mwezi wa sita? Mgongo wako umepona, au bado unanyanyua kondoo kama kijana? Mimi ni mzima, tena mzima kuliko nilivyotegemea, na ndiyo sababu ya barua hii.

Januari uliniandikia kwamba kwa goti hili la chuma sitafika hata kwenye feri ya kwanza. Barua hiyo nimeitunza. Jumamosi niliendesha baiskeli kutoka mlangoni kwangu hadi kwa binti yangu Ragnhild kule kisiwani Dønna, na feri tatu nilivuka. Sasa sema tena.

Mwanawe, Sivert, alikuwa abatizwe Jumapili, na gauni la ubatizo lilikuwa kwangu, lile la bibi, lenye majina yetu sote yaliyotariziwa kwenye pindo. Ragnhild alitaka nilitume kwa basi. Nikamwambia nitalileta mwenyewe, kwa miguu yangu. Nisingefika, mtoto angebatizwa kwa nguo ya kuazima, wa kwanza katika ukoo wetu.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Bahari imetulia, nyasi zimekatwa zinanukia, milima haina hata wingu. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nashikwa mkono kwenda chooni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, kondoo wakanitazama.

Baada ya feri ya Tjøtta nikapata pancha. Na ukweli usemwe: pampu niliiacha nyumbani makusudi, ili gauni lisibanwe mkobani. Nikahangaika na gurudumu mpaka mikono ikawa myeusi kwa grisi. Mvua ikaanza. Zilibaki kilomita thelathini, na feri ya mwisho ya Dønna haimngoji mtu.

Akaja mkulima mmoja na pikapu, jina lake Hallgeir.

“Mama, nikubebe?”

“Hapana, asante. Najiweza.”

“Haya.” Akaondoka! Unatujua watu wa huku tulivyo, tukipewa msaada adabu ni kukataa kwanza; nilimkatalia kabla sijafikiri. Nilibaki pale nikijitukana. Nikaingiza mkono mkobani kupapasa kama gauni limelowa. Lilikuwa kavu.

Akarudi. “Bado unajiweza?”

“Kabisa,” nikasema, mjinga mimi. Akaenda, akageuza mbele kidogo, akarudi tena.

“Mama, hii ni mara ya tatu nakuuliza, adabu imetimia. Panda, au nikupandishe na baiskeli yako?”

Nilipanda huku nalia, sioni haya kukwambia. Alinipeleka kwake, akaziba pancha, mkewe akanipa kahawa na mkate wa jibini. Alitaka kunifikisha kwa gari hadi Sandnessjøen, kwenye feri ya mwisho. Hiyo nilikataa kwa moyo wote, naye akaelewa kwamba hapana hii ni ya kweli.

Nilikanyaga kwenye upepo wa mbisho ukinipiga usoni mpaka goti likaimba. Niliposhuka kilima cha mwisho, magari yote yalikuwa yameshaingia. Baharia alikuwa amesimama kwenye mlango wa feri, mkono juu ya kitufe.

“Kanyaga, mama, kanyaga! Kahawa inapoa!”

Wakanisubiri, Oddvar. Abiria wakapiga makofi. Sijui hata majina yao, lakini kila nikisali nawataja.

Tulipolifungua gauni, tukakuta alama ya kidole changu, nyeusi tii, kando ya jina lako. Sabuni na ndimu havikufua dafu. Niliona haya. Ragnhild akacheka: “Iache, mama. Jina la Sivert nitalitarizi hapohapo, ajue nguo yake ilifikaje.”

Jumapili nilimbeba Sivert mwenyewe hadi kwenye maji, bila mkongojo. Nilifunika doa kwa kidole gumba ili mchungaji asilione. Kililienea sawasawa.

Msalimie sana wifi yangu Joyce, na binti yenu Kirsten na wanawe. Mungu awalinde, akuachie na wewe miguu yako, uje ulione pindo hilo kwa macho yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ingawa hukuniamini,

Torbjørg