Kapteri ya Riziki

Kasenga, Uvira
Tarehe 16 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Charlotte,

Bwana asifiwe. Najua utashtuka kuuona mwandiko wangu, na huenda mkono utakuwasha uichane barua hii kabla ya kuisoma. Nakuomba usiichane. Halidi wa vitenge, anayekuletea, nimemwambia akae barazani kwako mpaka umalize, na unamjua Halidi: akiambiwa akae anakaa kweli, hasa kama kuna chai.

Hujambo lakini? Kile kifua chako cha msimu wa vumbi kimetulia? Junior anaendeleaje na masomo? Tumesikia kwamba huko Kalemie nako maji ya ziwa yamepanda. Huku yameingia nyumba nyingi za chini, watu wamehamia kwa ndugu zao, na mahali tulipokuwa tukianika ndagala sasa watoto wanaogelea. Sisi tuko upande wa juu, tumebaki pakavu, tunamshukuru Mungu.

Kaka yako Basile ni mzima, bado anafundisha, ila mgongo unamsumbua na yeye anatusumbua sisi. Mama yako naye hajambo. Macho yamepungua, lakini masikio anayo yote, na husikia zaidi yale tusiyotaka asikie. Furaha ametimiza miaka kumi na mitatu. Amechukua urefu wako.

Umeona nilivyoandika? Furaha ametimiza, yeye peke yake. Kwa miaka mitano sikuthubutu kusema hivyo. Unaijua mila ya nyumba yenu, kwamba pacha hahesabiwi peke yake. Mama anaandaa sahani mbili, Noeli zinashonwa nguo mbili. Tangu Riziki alipotutoka, lile neno la kifo halikutamkwa humu ndani. Mtu akimwulizia tunajibu amekwenda kuteka maji. Mama anasema siku litakapotamkwa, aliyebaki atamfuata mwenzake. Mimi niliikuta mila hiyo nilipoolewa, na nikaishika kuliko ninyi wenye nyumba. Utajua kwa nini.

Sijui kama ulipata habari kwamba Furaha ana ugonjwa wa sukari. Ulikuwa umeondoka nusu mwaka alipoanza kukonda, kunywa maji mchana kutwa na kukojoa kila mara, dalili zile zile za Riziki. Kwa Riziki tulisema ni karuho, ile sumu ya polepole, kwa sababu alikuwa ametoka kukaa likizo kwako Nyamianda. Mimi ndiye niliyelisema kwanza. Mganga wa kumtapisha alikataza asipewe maji, nami nikakukuta na kikombe mdomoni pa mtoto. Hicho kikombe nikakizungusha kwa jirani wote kama ushahidi. Wiki moja baada ya mazishi ulipanda boti, na mlango wako ulikuwa umevunjwa.

Kwa Furaha, muuguzi Bienvenu alimtoboa kidole, akaangalia, akatwambia ni sukari, na kwamba inaonekana hata mwenzake alikuwa nayo. Alinitazama machoni aliposema hivyo. Siku ile nilijua hukumpa mtoto wangu kitu chochote kibaya. Nikanyamaza. Ningesemaje Riziki alikufa kwa nini, wakati haturuhusiwi kusema alikufa? Nilijificha nyuma ya mila ya mama yako, Charlotte, na palikuwa pahali pazuri pa kujificha.

Sasa nikupe habari ya mwaka jana. Serikali ya jimbo pamoja na wafadhili fulani walikubali kuwalipia watoto ishirini wa Uvira kifaa kipya cha kupimia sukari, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Ni kitu cha duara kama kifungo cha koti. Unakibandika nyuma ya mkono, kinakaa wiki mbili, kisha unabandika kingine. Huku tunakiita kapteri. Kinatuma hesabu kwenye mashine ndogo ya kushika mkononi, na sukari ikishuka mno mashine inalia. Sisi tusingekipata hata tungeuza nyumba. Walisema orodha ikionekana safi, Serikali itaendelea kulipa.

Mhamasishaji wa afya alipopita nyumba kwa nyumba mimi nilikuwa sokoni. Alimwuliza mama yako watoto wa sukari humu ni wangapi. Na yeye, ambaye hajahesabu pacha mmoja maisha yake yote, akajibu: "Iko wawili. Riziki na Furaha."

Basi yakaja makatoni mawili na mashine mbili, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina kwa wino wa buluu. Nilipoona RIZIKI imeandikwa juu ya kitu kipya nililifunika jina kwa kiganja. Ilikuwa wajibu wangu kukirudisha siku ile ile. Sikukirudisha. Kurudisha kungetaka maelezo, na maelezo yangelitaka lile neno. Mama akasema ya Riziki ibandikwe mkono wa kushoto wa Furaha, kwa kuwa kwenye mkeka Riziki alilala kushoto daima. Bienvenu alikuwa amehamishiwa Mulenge, kwa hiyo pale kituoni hapakuwa na mtu wa kutujua. Tukabandika.

Soma hapa taratibu, maana sitaki udhani akili zimeniruka.

Mashine mbili hazikukubaliana. Mtoto mmoja, damu moja, lakini ya Riziki ilitangulia. Jumapili ya Matawi, Furaha akiwa anaimba na kwaya, mashine ya Riziki ililia mfukoni mwangu: sitini na mbili. Ya Furaha ilisema mia na tano. Mtoto mwenyewe alikuwa anaimba vizuri tu. Sikungoja, nikamwita nje nikampa maji ya sukari, na alikuwa hajamaliza kikombe mikono ikaanza kumtetemeka. Ilitokea hivyo mara tatu, mara sita, mwisho nikaacha kuhesabu. Nilimpigia Bienvenu simu. Akasema kapteri mbili haziwezi kulingana kabisa, na ukiegemea moja inaweza kusoma chini. Nilimwelewa. Lakini nikienda sokoni nilibeba ya Riziki, ya Furaha nikaiacha juu ya kabati.

Mama akawa anaisalimia asubuhi. "Riziki, umeamuka?" Nayo ina hesabu yake hapo kwenye kioo. Furaha naye akaanza kusema, "Riziki anasema nikule." Siku nyingine alitaja namba kabla sijawasha mashine, na ikawa hiyo hiyo. Basile alikuwa akitutania kwamba ana binti wawili na anasomesha mmoja. Baadaye akaacha utani.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano, alikuja mkaguzi kutoka Bukavu, anaitwa Mama Bénédicte, mpole, viatu vyeupe. Alitakiwa kumwona kila mtoto wa kwenye orodha kwa macho yake. Tulikaa uani tunamenya mihogo. Furaha alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu, na jua lile. Mama Bénédicte akamwona, akaweka alama. Kisha akauliza:

"Na Riziki, yeye iko wapi?"

"Alienda kuteka maji," mama yako akajibu.

"Basi nitamungojea."

Na akangoja, wifi. Aliweka begi chini, akachukua kisu, akatusaidia kumenya. Saa nzima ilipita. Kila aliyepita njiani na ndoo sote tuligeuza vichwa, hata mimi niliyemzika. Ndipo akaiona mashine juu ya benchi, akaiokota.

"Lakini hii inasoma," akasema. "Kapteri haisomeke mbali. Mutoto iko hapa, karibu sana."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Furaha aliangalia mlango wa ua. Mimi kisu kikanianguka.

Mama Bénédicte hakuwa na haraka. Akasema hawezi kuondoka bila kumwona, kwa sababu kuna watoto kumi na mmoja wanaosubiri kapteri, na wiki iliyopita mwenzao mmoja aliwatoka akiwa bado anasubiri. Alilisema polepole huku akimenya. Nikaangalia ule mkono wa kushoto chini ya sweta. Niliogopa kumpoteza Furaha, lakini nilimwona na yule mtoto wa mtu mwingine nisiyemjua jina.

Nikasema: "Riziki alikufa. Iko miaka tano. Alikufa na sukari, na hatukujua."

Mama yako alifunika uso kwa kitenge. Hakuna kilichoanguka, jua liliendelea kuwaka. Furaha alikunja mkono wa sweta mwenyewe, akamsogezea Mama Bénédicte, naye akaibandua kapteri. Hesabu kwenye kioo ikafutika, vikabaki vistari vitatu. Kisha mtoto akasema, "Mama, niko na kiu." Akanywa vikombe vitatu vya maji mfululizo nikiwa namtazama, na moyoni najiambia: basi, nimemwua.

Mama Bénédicte hakunigombeza sana. Alisema angegundua mwenyewe, angefuta orodha yote ya mtaa wetu. Kwa kuwa nimesema, anafuta jina moja. Akatoa karatasi nyingine. Alieleza kwamba wanaokufa kwa sukari bila kupimwa hawaandikwi popote, ndiyo maana wakubwa wanafikiri ni wachache na hawaoni sababu ya kulipa. Akamwandika Riziki: jina, umri, dalili, na sababu ya kifo, ugonjwa wa sukari usiopimwa. Bienvenu alithibitisha kwa simu, mimi na Basile tukatia sahihi. Mwezi uliopita tulipata habari kwamba Serikali imeongeza mwaka mmoja na nafasi kumi. Baada ya hapo hatujui.

Nakala ya karatasi hiyo nimeikunja humu ndani. Isome mara mbili. Jina lako halimo.

Mashine ya Riziki walimpa aliyefuata, binti wa Firmin, fundi wa kushona hapa hapa Kasenga. Nilidhani imeishia hapo. Wiki mbili zilizopita, saa sita mchana, Firmin alifika kwangu anahema, futi ya kupimia bado shingoni, mashine mkononi, na lile jina la wino bado juu yake.

"Mama Furaha, mutoto yako iko wapi?"

Mashine ilikuwa imelia: arobaini na nane. Alikuwa amemtoboa binti yake kidole, akakuta mia na kumi na nane, mtoto anacheza. Alisoma lile jina, miguu ikamleta yenyewe, ndivyo alivyosema. Nami nikakumbuka kwamba umeme ulikatika tangu jana yake na mashine ya Furaha imezimika juu ya kabati.

Alikuwa ameenda ziwani kuosha vyombo. Tulimkuta ameketi ndani ya maji mpaka kiunoni, sufuria zinaelea mbali, jasho linamtoka usoni, anatutazama kama wageni. Firmin alimbeba. Tulimpa sukari kidogo kidogo mpaka akanitambua. Nilimwuliza alikuwa anafanya nini mle majini. Akasema, "Nilikuwa namungojea Riziki amalize kuteka."

Bienvenu anasema binti wa Firmin aliegemea kapteri yake, basi. Huenda anasema kweli. Kituo kilitaka kubadilisha mashine, Firmin akakataa, na ile karatasi yenye jina hataki ibanduliwe. Furaha ni mzima. Siiachi tena izimike ile yake, naichaji kwa sola ya jirani. Lakini nikipita mbele ya cherehani ya Firmin huwa napunguza mwendo na kusikiliza.

Charlotte, sina maneno mazuri. Nilisema uongo juu yako nikiwa sijui, kisha nikauacha uongo usimame miaka minne na zaidi nikiwa najua. La pili ndilo baya. Mtoto wangu alikufa na kiu kwa amri yangu, na katika nyumba nzima ni wewe peke yako uliyempa maji. Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikayasema haya mbele ya watu, pamoja na ile habari ya kikombe. Wale waliovunja mlango wako walikuwapo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nimestahili, ila njoo kwa ajili ya mama yako.

Sahani ya pili bado anaiandaa. Juzi nilimwuliza kwa nini, na lile neno limekwisha kutamkwa. Aliipangusa kwa upande wa kitenge, akaiweka pale pale kushoto kwa Furaha, akanijibu: "Hii haiko ya Riziki tena. Ni ya Charlotte. Hata yeye alienda zamani."

Basile anakusalimu, anaona haya kuandika. Furaha anakusalimu, anasema anakumbuka kofia yako ya njano. Jirani yako Providence wa Nyamianda anakusalimu na anakulindia masufuria yako yote. Mpe Junior mkono wangu. Mungu akufunike huko uliko, na akikusafirisha, maji yawe tulivu njia nzima.

Ni mimi wifi yako, niliyekukosea na bado nakupenda,

Noella